Maktaba ya shule si ghala: Kinanira ina la kujifunza Muyinga

BUJUMBURA. Lori linalotoka Dar es Salaam likishavuka Kabanga na Kobero, mji mkubwa wa kwanza linaoukuta ndani ya Burundi ni Muyinga. Dereva husimama kula, utingo hukagua matairi, mwenye mzigo hupiga simu Bujumbura kuuliza bei za siku hiyo. Wachache kati yao wanajua kwamba katika mji huo kuna jengo la udongo ambalo picha zake zimezunguka katika majarida ya wasanifu majengo ya nchi nyingi. Si hoteli wala benki. Ni maktaba ya shule.

Jengo hilo lilikamilika mwaka 2012, likiwa hatua ya kwanza ya shule jumuishi kwa ajili ya watoto viziwi. Lilisanifiwa na BC Architects wa Brussels, Ubelgiji, wakishirikiana na shirika la wenyeji liitwalo ODEDIM. Kabla ya kuchora mstari wowote, wasanifu hao walizunguka mkoa huo na mikoa jirani wakiangalia nyumba za watu: zimejengwa kwa nini, mvua inazuiwaje, watu hukaa sehemu gani mchana. Walichokiona ndicho walichokijenga.

Karibu kilomita 200 kutoka hapo, mtaani Kinanira, kusini mwa Bujumbura, swali lililojibiwa Muyinga bado lipo mezani kwa kila shule inayopata katoni ya vitabu: viwekwe wapi, na viwekweje, ili watoto wavisome? Ni swali linalowahusu wafanyabiashara wa mipakani kwa njia mbili. Kwanza, watoto wao wako katika shule hizo. Pili, karibu kila kitu kinachohitajika kulijibu, kuanzia mbao hadi kamba ya mkonge na vitabu vyenyewe, ni mzigo unaoweza kubebwa kwenye lori lile lile linalopita Kobero.

ZAMU MBILI, SAA ZISIZO NA MWENYEWE

Katika shule nyingi za Bujumbura madarasa hayawatoshi wanafunzi, hivyo huingia kwa zamu. Mtoto wa zamu ya asubuhi yuko huru mchana. Wa zamu ya mchana yuko huru asubuhi. Kwa mzazi anayeshinda nyumbani hilo si tatizo kubwa. Kwa mama aliyedamka alfajiri kwenda Gatumba kusubiri bidhaa kutoka Uvira, au kwa baba aliyelala Mugina akingoja karatasi za mzigo wa Manyovu, hizo ni saa nne au tano za kila siku ambazo hajui mtoto yuko wapi.

Hapo ndipo maktaba ya shule inapoacha kuwa pambo. Chumba chenye kivuli, viti, vitabu na mtu mzima mmoja mlangoni ni mahali pa mtoto kukaa wakati darasa lake linatumiwa na wenzake. Lakini kinafanya kazi hiyo kikiwa wazi tu, na mtoto akiwa anatamani kuingia. Chumba cha vitabu kilichofungwa kwa kufuli, ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwa mwalimu mkuu aliyekwenda mkutanoni, ni ghala. Na ghala hilo lina hasara ambayo kila mfanyabiashara anaielewa: bidhaa imenunuliwa, imesafirishwa, imelipiwa, na haitoki.

Katika shule nyingi za Afrika Mashariki kufuli hilo limewekwa kwa nia njema. Vitabu ni adimu, mwalimu anaogopa kuulizwa vilipokwenda, basi anavifungia. Matokeo yake ni kwamba kitabu hakipotei, ila mchwa na unyevu hukila polepole, na mtoto anamaliza shule bila kukigusa. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto mia kimelipa gharama yake. Kilichobaki kipya kabatini kwa miaka kumi hakijarudisha hata nauli.

BARAZA KWANZA, RAFU BAADAYE

Jambo la kwanza ambalo mtu anaweza kujifunza Muyinga ni baraza. Waswahili wa pwani wanaijua: sehemu ya mbele ya nyumba ambapo mgeni hukaa kabla hajakaribishwa ndani, ambapo habari hupokewa na kahawa hunywewa. Hata Kifaransa cha Kongo na Burundi kimeliazima neno hilo na kulitamka "barza". Wasanifu wa Muyinga waliona kwamba maisha mengi ya nyumba za Kirundi hupita hapo, chini ya paa linalokinga jua kali na mvua kubwa. Wakaipa maktaba baraza ndefu inayokwenda sambamba na chumba cha vitabu, yenye milango mipana inayofunguka kati ya ndani na nje.

Faida yake ni ya kibinadamu kabla ya kuwa ya kiufundi. Mtoto mwenye haya, au mzazi asiyejua kusoma, haingii moja kwa moja katika chumba kilichojaa vitabu. Hukaa barazani kwanza, akaangalia, akasikia wenzake wanacheka na hadithi. Kesho yake anasogea. Shule ya Kinanira isiyo na fedha za kujenga jengo jipya inaweza kupata baraza kwa kurefusha paa la darasa moja mita 2 mbele, kwa nguzo za mkaratusi na benchi la matofali lililojengwa kuufuata ukuta.

Jambo la pili ni hewa na mwanga. Muyinga walijenga kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa kwa mashine, yasiyochomwa. Ukuta haukuzibwa wote. Matundu yameachwa kati ya tofali na tofali kwa mpangilio, upepo unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na joto linapanda juu ambako chumba ni kirefu. Usiku taa ikiwaka ndani, ukuta mzima unameremeta kwa nje. Paa ni la vigae vilivyotengenezwa hapo hapo. Kwa kuwa vigae ni vizito kuliko mabati, nguzo zimesimamishwa karibu karibu, kila baada ya mita 1 na sentimita 30, na paa limetokeza mbele ili mvua isiuguse ukuta wa udongo.

Bujumbura ina joto kuliko Muyinga, kwa hiyo somo hilo lina uzito zaidi Kinanira. Mji uko chini, kandokando ya Tanganyika, na ziwa liko magharibi. Maana yake jua la alasiri huja kutoka upande wa ziwa na kupiga moja kwa moja kuta zinazotazama huko. Dirisha kubwa la magharibi hugeuza maktaba kuwa tanuri ifikapo saa tisa, na hufifisha majalada ya vitabu. Madirisha yanayofaa ni ya kaskazini na kusini, yakitazamana, chini ya paa lililotokeza. Upande wa magharibi uachiwe ukuta mzima, na rafu ziegemee huko. Kama paa ni la mabati, dari nyepesi ya mbao chini yake hupunguza joto na kelele. Mvua ikinyesha juu ya bati tupu, hakuna hadithi inayosikika.

WAVU WA MKONGE NA KONA YA WADOGO

Kitu ambacho watoto wa Muyinga hukikimbilia si rafu. Upande wa barabarani, ambako chumba kina kimo cha ghorofa mbili, kumetengwa sehemu ya wasomaji wadogo. Chini kuna kona ya kukaa iliyotengenezwa kwa mbao, ambapo mwalimu anaweza kulisomea darasa. Juu yake, mahali ambapo pangekuwa na sakafu ya pili, pametandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge. Watoto hupanda, hujilaza humo na kitabu, na kusoma huku wananing'inia.

Mkonge ni bidhaa ambayo Afrika Mashariki inaifahamu vizuri. Tanga ilijengwa nao. Si lazima shule ya Kinanira itundike wavu hewani, kazi inayohitaji fundi wa kupima uzito na uimara wa nguzo. Lakini inaweza kufanya jambo lenye maana ile ile: mkeka mnene kwenye kona, mito iliyoshonwa kwa vitenge, na sheria moja tu, kuvua viatu. Mtoto wa miaka sita hasomi vizuri akiwa amekaa kwenye dawati la mtu mzima, miguu ikielea. Kiti chake kinatakiwa kuwa na kimo cha sentimita 30 hadi 35. Cha mkubwa wa darasa la juu ni sentimita 40 na kuendelea.

HESABU YA CHUMBA KIMOJA

Tuchukue chumba cha kawaida cha darasa, mita 8 kwa 7. Ukuta mmoja wa mita 8 unaweza kubeba rafu sita, kila moja upana wa sentimita 90, zikajaza mita 5 na sentimita 40, na nafasi ya mlango ikabaki. Upana huo wa sentimita 90 una sababu. Ubao wa unene wa sentimita 2.5 ukirefushwa zaidi ya hapo hupinda katikati, kwa kuwa vitabu ni mzigo mzito kuliko vinavyoonekana.

Kimo cha rafu kisizidi mita 1 na sentimita 20, chenye ngazi tatu za vitabu. Mtoto afikie kitabu cha juu bila kupanda kitu, na mkutubi aliyekaa aone chumba chote juu ya rafu. Rafu sita zenye ngazi tatu zinatoa mita 16 na zaidi za kupanga vitabu. Kwa makadirio ya vitabu 40 kwa kila mita, vikiwa vimeachiana nafasi ya mkono kupita, ni zaidi ya vitabu 600. Fundi atahitaji mbao za upana wa sentimita 30 zenye jumla ya mita 36. Akiongeza za kukatika, mita 40. Mfanyabiashara wa mbao anaweza kuipiga bei hesabu hiyo mwenyewe, papo hapo.

Kuna mambo mawili ambayo fundi asiyeambiwa huyasahau. Rafu iachane na ukuta kwa upana wa vidole vitatu, na ngazi ya chini iinuke sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni. Mchwa hupenda kupita pasipoonekana, na unyevu wa masika hupanda na ukuta. Nafasi hiyo ndogo humwezesha mfagiaji kuona njia ya mchwa kabla haijafika kwenye karatasi. Mbao pia zikauke vizuri. Mkaratusi uliopigwa misumari ukiwa mbichi hupasuka na kupinda.

Meza ya mkutubi ikae karibu na mlango, kama kaunta ya duka. Anayeingia anasalimiwa, anayetoka na kitabu anaandikwa katika daftari la azima: jina, darasa, kitabu, siku ya kurudisha. Hilo ndilo jibu la hofu ya wizi, nalo ni rahisi kuliko kufuli.

Na kuna onyo ambalo Bujumbura haihitaji kukumbushwa mara mbili. Tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la mji liliteketea kwa moto na wafanyabiashara wengi wakapoteza mitaji yao kwa siku moja. Chumba cha karatasi na mbao ni kuni. Kiwe na mlango wa pili unaofunguka kwa nje bila ufunguo, madirisha yasizibwe yote kwa nondo, na mshumaa usiingie humo kabisa. Taa ya sola inatosha.

KIZURI CHAJIUZA, KIKIONEKANA

Wauzaji wa vitenge hawakunji bidhaa yote na kuificha chini ya meza. Kitenge kizuri hutundikwa juu, kikapepea. Vitabu vya watoto navyo ni hivyo. Kikipangwa kwa ubavu, mtoto huona mstari mwembamba wa karatasi. Kikisimamishwa jalada likiwa mbele, huona simba, mtumbwi au msichana mwenye baiskeli, na mkono unanyoosha wenyewe. Ngazi moja kati ya tatu itengwe kwa majalada, na ibadilishwe kila Jumatatu.

Shule ya Burundi ina jambo jingine la kupanga: lugha nne. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Namba za uainishaji alizozibuni Melvil Dewey mwaka 1876 zinafaa maktaba kubwa, lakini mtoto wa darasa la pili hazimsaidii. Utepe wa rangi kwenye ubavu wa kitabu unatosha: rangi moja kwa kila lugha, na nukta moja, mbili au tatu kuonyesha ugumu. Baada ya wiki moja watoto wenyewe huvirudisha mahali pake.

Rafu ya Kiswahili ndiyo inayogusa moja kwa moja maisha ya msomaji wa mipakani. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wakakubaliana Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Buyenzi haikusubiri uamuzi huo. Imezungumza Kiswahili kwa vizazi. Lakini mtoto wa Kinanira anayekisikia sokoni tu, bila kukisoma, atakuwa mfanyabiashara anayejua kupatana bei na asiyeweza kusoma mkataba.

Kwa anayefikiria kuvileta vitabu, yako mambo ya kuzingatia. Vitabu vilivyochapwa vimepangiwa asilimia 0 katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, ingawa kodi na ada za ndani ni suala tofauti la kuulizia mpakani. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, kama zimo katika orodha iliyokubaliwa na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Ushauri wa kibiashara ni kubeba vitabu vya hadithi kuliko vya kiada. Mitaala ya Tanzania na Burundi haifanani, na kitabu cha kiada cha nchi nyingine hurudi ghalani. Hadithi haina mtaala.

KUANZA NA BOKSI

Shule isiyo na chumba cha ziada haijakosa njia. Mwaka 2014, katika kambi za Wakongo waliokimbilia Burundi, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza, shirika la Bibliothèques Sans Frontières na UNHCR walifungua maktaba zilizokuja zimefungwa ndani ya maboksi ya rangi. Mbunifu wake ni Mfaransa Philippe Starck. Maboksi hayo yakifunguliwa hugeuka meza, viti, rafu na skrini, na katika muda wa dakika 20 huwa eneo la kusomea la meta mraba 100. Yalikuwa na kompyuta na vishikwambi, lakini wazo lililo ndani yake halihitaji umeme: boksi lenye magurudumu, linalofunguka kuwa rafu, linaweza kutoka ofisini asubuhi na kurudi jioni.

Karibu na Masaka, Uganda, maktaba ya jamii ya Kitengesa ilianza mwaka 1999 katika shule ya sekondari ikiwa sanduku moja lenye vitabu 161. Jengo lilikuja baadaye, wasomaji wakiwa tayari wapo. Huo ndio mpangilio ambao wafanyabiashara wengi wangeupendelea: mteja kwanza, duka baadaye. Shule nyingine hufanya kinyume, hujenga chumba, hukata utepe, kisha hutafuta vitabu na mtu wa kukaa humo.

Mtu huyo ndiye gharama ambayo haisahauliki ila kwa makusudi. Mbao hununuliwa mara moja. Mkutubi hulipwa kila mwezi. Kamati ya wazazi inayochanga kwa ajili ya rafu bila kutenga posho ya anayefungua mlango imenunua samani tu. Posho hiyo ikigawanywa kwa familia za shule nzima huwa kiasi kidogo kwa kila nyumba, na inastahili kujadiliwa kabla fundi hajaitwa.

Muyinga waliliwekea hilo alama katika jengo lenyewe. Baraza yao inapofika barabarani inaishia kwenye vizuizi vya kufungua na kufunga, na kwa kuvitazama tu mpita njia anajua kama maktaba iko wazi au la. Shule ya Kinanira inaweza kutundika kitambaa cha kitenge mlangoni saa mbili asubuhi na kukishusha saa kumi na moja jioni. Mama anayerudi kutoka Gatumba, akipita na mzigo wake kichwani, atakiona akiwa mbali, na atajua mtoto wake yuko wapi.